Kioo Kiungacho Mfupa, na Ndimi Zetu Zilizokwama

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba elimu ya sayansi ni mkongwe, na katika kurasa kama hizi umerejelewa mara nyingi kiasi kwamba msomaji alionapo neno 'istilahi' mwanzoni mwa makala huwahi kugeuza ukurasa. Simlaumu. Mimi pia nimezigeuza kurasa hizo. Safari hii ninamwomba anivumilie, kwa kuwa sikusudii kuanza na nadharia za uundaji wa istilahi bali na mguu wa kijana mmoja.

Mwaka 2023 binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa na umri wa miaka 16. Alikuwa amepakiwa kwenye bodaboda karibu na Mtwapa pikipiki ilipoteleza, na muundi wa mguu wake wa kulia ukavunjika hata mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Aliungwa, akatiwa vyuma, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Baada ya miezi mitatu kidonda tulichodhani kimepona kikaanza kutoa usaha, na picha ya eksirei ikaonyesha kwamba maradhi yalikuwa yamekita ndani ya mfupa wenyewe. Daktari, kijana mpole ambaye nje ya chumba kile alizungumza Kiswahili kama sisi sote, alitueleza kwa Kiingereza kwamba mfupa uliooza ungekwanguliwa na kwamba pango litakalobaki lingehitaji kujazwa. Njia zilikuwa mbili: kuchota mfupa kutoka nyonga ya mgonjwa mwenyewe, au kutumia chembe za kioo cha kitabibu kutoka ng'ambo, iwapo familia ingemudu gharama. Kisha akatukabidhi fomu ya kurasa tatu, nayo ya Kiingereza, ili mjomba atie sahihi.

Mjomba ni fundi wa vyombo vya baharini. Amejenga na kukarabati mashua kwa zaidi ya miaka 40, na Kiswahili chake kina maneno ambayo mimi, pamoja na shahada yangu ya kwanza na nusu ya pili, sijapata kuyaona katika kamusi yoyote. Alinigeukia akasema, "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wa lugha. Daktari anasema nini?"

Nilimweleza kwamba wataondoa mfupa mbovu. Hapo sikutatizika. Halafu nikasema wataweka... nikakwama. "Wataweka kitu," nikasema.

"Kitu gani?"

"Kioo, mjomba."

Alinitazama kwa muda. "Kioo? Miaka yote hii tunawatoa watoto vigae vya chupa nyayoni, leo waniambia niridhie mwanangu atiwe vigae ndani ya mfupa?"

Aliikunja fomu, akaitia mfukoni, na kwa siku mbili hakutaka kuizungumzia. Siku ya tatu alikubali mfupa wa nyonga, kwa sababu mfupa ni neno alilolielewa. Kijana alipasuliwa, na leo anatembea, ingawa anachechemea. Sidai kwamba siku mbili zile ndizo zilizomwachia ulemavu huo. Mfupa uliokwisha kuingiwa na usaha huwa na mambo yake, na hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Wala sidai kwamba kioo kingemfaa kuliko mfupa wake mwenyewe, ambao hadi leo madaktari wengi huuona kuwa bora. Ninachodai ni kwamba baba alitakiwa achague kati ya vitu viwili, na kimojawapo hakuwahi kuelezwa. Aliyepaswa kukieleza, kwa kuwa alikuwapo na lugha ndiyo kazi yake, ni mimi.

Nilirudi chuoni na aibu ile, nikaacha kwa majuma kadhaa riwaya niliyokuwa nikiihakiki, nikasoma habari za kioo.

Habari zenyewe zina mwanzo wa kisimulizi kabisa. Mwaka 1967 mtaalamu wa vioo na kauri wa Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani, Larry Hench, alikuwa katika basi akielekea kwenye kongamano la jeshi kuhusu malighafi katika jimbo la New York. (Mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lilikuwa likiundwa kwa sheria nchini Tanzania. Ni sadfa tu, lakini haijanitoka akilini.) Karibu naye aliketi kanali aliyekuwa amerejea kutoka vita vya Vietnam. Hench alimsimulia utafiti wake kuhusu vioo vinavyostahimili mnururisho. Kanali akamuuliza kama angeweza kutengeneza kitu kitakachostahimili mwili wa binadamu, kwa sababu askari walikuwa wakikatwa miguu na mikono kwa mamia, na vyuma na plastiki walizowekewa zilikuwa zikikataliwa na miili yao.

Yafaa tulielewe swali lile vizuri. Hadi wakati huo, fikra iliyotawala ni kwamba kipandikizi kizuri ni kile kilicho ajizi, yaani kisichoudhuru mwili wala kudhuriwa nao. Lakini mwili hauna ujirani wa namna hiyo. Kila ukiwekewa kitu kigeni usichoweza kukitumia, hukizingira kwa utando wa kovu, ukakitenga kama mgeni asiyejulikana kwao. Utando huo haushikamani na kitu wala na mfupa. Kipandikizi hubaki kikichezacheza ndani, na mwishowe hulegea. Hench aliligeuza swali. Badala ya kutafuta kitu ambacho mwili hautakiona, alijiuliza ni kitu gani mwili ungekiona ukadhani ni chake. Mfupa umejengwa kwa madini ya kalisi na fosfeti yaitwayo apataiti, yakiwa yamefungamana na nyuzi za kolajeni. Je, kioo kingeweza kufanywa kijivike apataiti chenyewe, kikiwa mwilini?

Mwaka 1969 alichanganya aina kadhaa za kioo, na mojawapo ndiyo iliyoingia katika historia. Kwa uzani ilikuwa na asilimia 45 ya silika, asilimia 24.5 ya oksidi ya sodiamu, asilimia 24.5 ya oksidi ya kalisi, na asilimia 6 ya oksidi ya fosforasi. Huitwa 45S5. Daktari wa upasuaji wa mifupa, Ted Greenlee, alipachika vipande vidogo vya kioo hicho katika mifupa ya mapaja ya panya. Baada ya majuma sita alitaka kuvitoa ili avichunguze, navyo vikakataa kutoka. Alivisukuma na kuvivuta bila ya mafanikio. Kioo na mfupa vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971, na tangu hapo imani kwamba mwili haushikamani na kitu kisicho hai ikaporomoka.

Namna jambo hilo linavyotukia ndiyo sehemu niliyotamani kumweleza mjomba nisiweze. Nitajaribu hapa, na wasomaji waamue kama lugha imenitosha.

Kioo cha dirishani hakiyeyuki mvua inaponyesha kwa sababu silika, ambayo ni ileile ya mchanga, imo kwa wingi, zaidi ya asilimia 70, na imesukwa ikashikana kama kimia cha mvuvi kisichopitisha dagaa. Kioo cha Hench kina mchanga mchache, na magadi na chokaa tele. Kimia chake ni kipana. Kikiingia katika majimaji ya mwili, sodiamu huanza kutoka, na ioni za haidrojeni zilizomo katika majimaji hayo huchukua nafasi yake. Uso wa kioo hulainika ukawa kama uji mzito wa silika. Kalisi na fosfeti, nyingine zikitoka ndani ya kioo na nyingine zikitoka katika damu, hukusanyika juu ya uji huo, zikaganda, zikajipanga zikawa fuwele. Fuwele hizo ni apataiti yenye kaboneti, madini yaleyale ya mfupa. Yote haya huanza katika muda wa saa chache tu. Nyuzi za kolajeni hunaswa humo, na chembechembe hai zinazojenga mfupa zikifika hukuta uso zinaoujua, zikatua, zikaanza kazi. Huku nyuma kioo huendelea kuyeyuka polepole, na kipande kinachoondoka hurithiwa na mfupa.

Kuna jambo jingine lililogunduliwa baadaye. Hench alipohamia Imperial College London katika miaka ya 1990, yeye na Julia Polak, bingwa wa elimu ya tishu, walionyesha kwamba zile ioni zinazoyeyuka kutoka katika kioo, hasa za silika na kalisi, huziamsha jeni za chembechembe zinazojenga mfupa. Kwa maneno mengine, kioo hakitoi mahali pa kujenga tu. Humpa fundi ishara aanze.

Tazameni malighafi yenyewe: mchanga, magadi, chokaa, na fosfeti. Kwa zaidi ya karne moja magadi ya Ziwa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado, yamechimbwa na kuuzwa ulimwenguni, na utengenezaji wa kioo ni miongoni mwa matumizi yake makubwa. Bila shaka kioo cha hospitalini huhitaji kemikali safi mno, na sipendekezi mtu aende Kajiado na kijiko. Ninasema tu kwamba maneno manne yanayohitajika kueleza kioo hiki, matatu yake mjomba anayatumia kila siku. Chokaa amepaka. Magadi yamepikiwa maharagwe yake. Mchanga hauna haja ya kamusi.

Matumizi ya kwanza yaliyoidhinishwa nchini Marekani, mwaka 1985, hayakuwa ya mguu bali ya sikio. Vifupa vitatu vya sikio la kati vikiliwa na maradhi, kioo kiliweza kuchukua nafasi yao. Baadaye kikafuata cha kujaza mashimo ya taya yanayobaki baada ya meno kung'olewa, kisha unga wa kujaza mfupa unaoliwa na ugonjwa wa fizi. Leo unga laini wa 45S5 umo hata katika aina fulani za dawa ya meno, ambamo huziba vijishimo vinavyosababisha ganzi mtu anywapo maji baridi. Huko Turku, Finland, ilibuniwa aina nyingine, S53P4, yenye asilimia 53 ya silika, ambayo hutumiwa hasa katika mifupa iliyooza kama wa binamu yangu. Ikiyeyuka huyafanya majimaji ya pale kuwa makali kama magadi na kuyaongezea chumvi, hali ambayo bakteria wengi hawaistahimili. Ni kioo kinachojaza pango na kumfukuza mwenye kulikalia. Laiti ningalijua haya siku ile!

Sitaki kukipamba kupita kiasi. Kioo ni kioo, na huvunjika. Hakuna anayeweza kumtengenezea mtu muundi mzima wa 45S5 akamwambia asimame. Ndiyo maana hutumiwa kama chembe na unga, penye pango lililozungukwa na mfupa unaobeba uzito. Isitoshe, 45S5 ikichomwa upya ili ifanywe kama sifongo hugeuka fuwele kabla ya wakati wake na kupunguza makali yake, jambo lililowasumbua watafiti kwa miaka mingi hadi wakabuni njia nyingine za kukitengeneza. Na bei yake si ya kila mtu.

Sasa nirudi nyumbani kwetu, katika taaluma ya Kiswahili.

Nilipowasimulia wanafunzi wenzangu kisa hiki, wengi walijibu kwa namna moja: tatizo ni istilahi. Tuunde neno, tulisanifishe, yaishe. Tukaketi mchana mzima tukiunda. Mmoja akasema 'kioo hai'. Nilikataa, kwa kuwa kioo hakina uhai, na mjomba angeogopa mara mbili. Mwingine akaleta 'kioo amilifu kibayolojia', neno ambalo halina kasoro hata moja isipokuwa kwamba halimwambii mtu chochote. Wa tatu akataka tukope tu jina la Kiingereza tulitie irabu mwishoni. Akakumbushwa kwamba jina alilolitaka ni alama ya biashara iliyosajiliwa na Chuo Kikuu cha Florida, na hata wanasayansi wenyewe hawapaswi kulitumia kwa kila kioo cha aina hii. Pendekezo langu lilikuwa 'kioo kiungamfupa', kwa kielelezo cha 'kipimajoto'. Mhadhiri mmoja tuliyemwendea alilisifu kisha akaliua kwa sentensi moja. Alituambia kwamba siku hizi kuna vioo vya jamii hiyo vyenye boroni, vilivyofumwa kama pamba, ambavyo huwekwa katika vidonda vya ngozi visivyopona. Hivyo navyo vinaunga mfupa gani?

Alikuwa na haki. Bado nalipenda neno langu, na kwa kioo cha mifupa nitaendelea kulitumia. Lakini mchana ule ulinifunza kwamba tulikuwa tukijibu swali ambalo mjomba hakuliuliza. Hata ningelikuwa nalo neno 'kiungamfupa' mfukoni siku ile, ningemwambia, "Kioo kiungamfupa, mjomba," naye angeniuliza, "Kinaungaje?" Ningekwama palepale, hatua moja mbele. Mjomba hakukosa istilahi. Alikosa aya. Alihitaji mtu wa kumpa sentensi kumi zilizofuatana, zenye mwanzo na mwisho, zinazoonyesha kitu kikiingia mwilini na yanayokipata humo.

Na hapo ndipo sisi watu wa Kiswahili tunapaswa kujitazama. Tuna orodha za istilahi, nyingine nzuri sana. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na baadaye kamusi ya tiba. Sina neno baya la kusema juu ya kazi hizo. Nimezitumia kuandika makala hii, na bila hizo nisingekuwa na 'ajizi' wala 'fuwele'. Ila orodha huishia kwenye rafu. Tasnifu zetu kuhusu istilahi huuliza kama neno limezingatia kanuni, kama ni fupi, kama halina utata, kama limekopwa kwa utaratibu. Ni maswali halali. Swali ambalo sijaliona likiulizwa ni kama mgonjwa fulani, katika wodi fulani, aliambiwa neno hilo akaelewa. Matokeo yake ni kwamba istilahi zetu nyingi ni ajizi kwa maana ileile ya vipandikizi vya kale. Haziudhuru mwili wa lugha, nao mwili haujui uzifanyie nini. Umezizungushia kovu.

Tamathali hii ina mpaka wake, najua. Lugha si mguu. Hata hivyo, nikumbushe juu ya vile vifupa vitatu vya sikio la kati. Kwa Kiswahili ni nyundo, fuawe na kikuku. Mwanafunzi wa biolojia akiyasikia haulizi maana. Anaona karakana ya mhunzi, na anaona pia jinsi kifupa kimoja kinavyokigonga kingine sauti ikapita. Walioyaita hivyo kwa Kilatini nao walikwenda kwa mhunzi na kwa mpanda farasi, na sisi tulipotafsiri tulipata bahati kwamba vitu hivyo vilikuwa kwetu pia. Maneno hayo yameyeyuka yakawa sehemu ya lugha kwa sababu yalitoka mahali ambapo watu walikuwa wakifanya kazi.

Najua pingamizi linalofuata, kwa kuwa nimelisikia hata katika vyumba vyetu vya semina. Husemwa kwamba daktari amesomea Kiingereza, vitabu vyake ni vya Kiingereza, na kumtaka aeleze kioo na jeni kwa Kiswahili ni kumtwisha mzigo usio wake. Kuna ukweli hapo. Daktari yule alikuwa na wagonjwa wengine wakimngoja koridoni. Lakini nchini Kenya jambo hili si la hisani tena. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo katika lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Hayo maneno 'inapowezekana' ndiyo yanayonikera. Yawezekanaje, ikiwa hakuna aliyeandika maelezo hayo? Daktari hawezi kuyabuni akiwa amesimama kando ya kitanda. Fomu hazijitafsiri. Mtu mwenye ujuzi wa lugha ni lazima aketi na mtu mwenye ujuzi wa mfupa waandike pamoja, mapema, kabla ya pikipiki kuteleza. Ujuzi wa lugha tunadai tunao sisi.

Wengine watasema kwamba kazi hiyo si fasihi. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi na sikubaliani nao. Kueleza jinsi kioo kinavyogeuka mfupa ni kazi ya kusimulia, tena ya kusimulia vitendo visivyoonekana, kwa mpangilio, kwa msikilizaji mwenye hofu. Hench mwenyewe hakuidharau kazi hiyo. Pamoja na makala zake za kisayansi, aliandika vitabu vya watoto kuhusu paka wa kiufundi aitwaye Boing-Boing, ili watoto waipende sayansi kupitia hadithi. Alifariki mwaka 2015. Sisi tulio na mashairi, ngano na methali hatujamwandikia mtoto wa Kilifi hata paka mmoja wa aina hiyo, au kama yupo, mimi sijamsoma.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo. Kila toleo la jarida litenge kurasa chache kwa maelezo ya jambo moja la kisayansi, yaandikwe na mwanafunzi wa Kiswahili akishirikiana na mwanafunzi wa tiba au uhandisi, na kabla ya kuchapishwa yasomwe na mtu mmoja ambaye hakupita chuoni. Akikwama, yaandikwe upya. Nawaomba pia wahadhiri wetu wakubali tasnifu za uzamili kuhusu tafsiri ya fomu za ridhaa za hospitali, na wazipime kwa kigezo hicho cha mwisho, si kwa kanuni za istilahi peke yake.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwona mjomba. Nilimkuta akikalafati mashua iliyopandishwa ufuoni, akishindilia pamba katika mianya ya mbao kwa patasi na nyundo. Niliketi, nikamweleza upya habari za kioo, safari hii bila haraka. Nilimwambia kwamba pango katika mfupa ni kama mwanya ule, na chembe za kioo ni kalafati. Nikamweleza habari za magadi yanayotoka, na uji wa silika, na chokaa inayoganda. Alisikiliza bila ya kuacha kugonga. Mwishowe akasimamisha nyundo.

"Kumbe ni kalafati inayogeuka kuwa mbao," alisema.

Kisha akaniuliza kama ingekuwa hivyo kwa mwanawe, lau angetia sahihi siku ile. Nilimjibu kwamba yamkini, lakini kwamba mfupa wa nyonga nao ni chaguo zuri, na kwamba hakukosea. Sijui kama aliniamini. Alitaka kujua pia kama kioo kile kikishageuka mfupa, mfupa ukivunjika tena utaunga wenyewe. Nilimjibu ndiyo, kwa kuwa palipokwisha kugeuka ni mfupa.

Ile fomu ya kurasa tatu ninayo. Hakuirudisha, kwani siku ya tatu alipewa nyingine. Nimeanza kuitafsiri, na rasimu iko katika ofisi ya chama kwa yeyote anayetaka kuisahihisha. Ukurasa wa kwanza umekamilika. Katika ukurasa wa pili kuna aya inayoeleza yale yanayoweza kuharibika wakati wa upasuaji, na nimeiandika mara nne. Kila nikimsomea mjomba kwa simu, ananiambia bado inamtisha bila ya kumwambia kitu.